Columbus Crew: viti vitupu vilikuwa kosa la nani?

Oktoba 2017, Anthony Precourt, mmiliki wa Columbus Crew, timu ya jiji la Columbus, jimbo la Ohio, katika ligi kuu ya soka ya Marekani (MLS), alitangaza kwamba bila uwanja mpya katikati ya jiji angeihamishia timu Austin, Texas. Alitaja mahudhurio: msimu ule wastani ulikuwa zaidi kidogo ya watu 15,000 katika uwanja wa takriban 20,000, karibu na mkia wa ligi. Mpaka leo wapo wanaosema mashabiki walijitakia, maana hawakwenda uwanjani.

Precourt alikuwa na hoja. Uwanja ule wa 1999 ulishapitwa na wakati na uko mbali na katikati ya jiji. Chini ya Precourt timu ilifika fainali ya ligi ya 2015. Austin ulikuwa mji mkubwa kuliko yote Marekani usio na timu ya ligi kuu ya mchezo wowote, na baadaye alijenga uwanja huko kwa fedha binafsi, ilhali ule mpya wa Columbus ulichangiwa na walipa kodi. Hilo si dogo.

Lakini hiyo 15,000 lazima isomwe pamoja na mkataba. Aliponunua timu mwaka 2013, Precourt aliahidi kuibakisha Columbus kwa miaka kumi. Ndani ya makubaliano kulikuwa na kifungu kinachomruhusu kuhamia mji mmoja tu, Austin. Mashabiki hawakuambiwa. Kwa miaka minne walinunua tiketi za msimu wakiamini mwenye timu yuko nao, na kumbe viti vikibaki vitupu, wao wanapoteza na yeye anapata sababu ya kuondoka. Sisemi alitaka vibaki vitupu, hilo halikuthibitishwa. Nasema mwenye mlango wa kutokea mfukoni hawezi kuwa shahidi wa kutegemewa kuhusu mapenzi ya watu kwa timu yao.

Na mapenzi yalionekana. Mabango ya njano ya "Save the Crew" (Iokoeni Crew) yalienea mjini. Machi 2018, mwanasheria mkuu wa Ohio, Mike DeWine, pamoja na jiji walikwenda mahakamani wakitumia sheria ya 1996, iliyotungwa baada ya mmiliki Art Modell kuihamishia Baltimore timu yake ya futiboli ya Kimarekani, Browns ya Cleveland, mji mwingine wa Ohio: timu iliyofaidi fedha za umma haihami mpaka itoe notisi ya miezi sita na wenyeji wapewe nafasi ya kuinunua. Familia ya Haslam na ya Pete Edwards, ambaye alikuwa daktari wa timu, zikaichukua Crew. Crew ikatwaa ubingwa 2020 na 2023.

Precourt naye alipata Austin FC, iliyoanza kucheza 2021. Ligi ilikuwa ikiongeza timu karibu kila mwaka. Mei 2018, kesi ikiendelea, iliipa timu Cincinnati, ndani ya Ohio hiyo hiyo. Kwa nini basi Austin haikupewa timu mpya tangu mwanzo, bila kuigusa ya Columbus?