Pima Kwanza, Ndipo Uguse Kilomita

Gari likiletwa gereji Tabora kwa sababu odometa, yaani kihesabio cha kilomita, haisemi kweli, fundi hukimbilia kufungua dashibodi. Anaanzia mwisho. Aanze chini, kwenye tairi.

Gari la tairi zilizoandikwa 195/65R15 ubavuni lina tairi zenye kipenyo cha milimita 634.5. Mwenyewe akifunga 205/70R15 ili lipande juu kidogo kwa ajili ya njia mbovu, kipenyo kinafika milimita 668. Odometa inahesabu mizunguko ileile, kumbe gari linakwenda mbali zaidi: ikisoma kilomita 100, umeshatembea 105 na ushee. Mkanda wa taimingi, unaoendesha valvu za injini, wa kubadilishwa kila kilomita 100,000 umeupitisha kwa zaidi ya 5,000 bila habari. Tairi zilizokwisha kashata, kutoka milimita 8 hadi 1.6, hufanya kinyume: odometa inazidisha kama kilomita 2 kwa kila 100.

Kupima si kazi ngumu. Jaza upepo kama ulivyoandikwa kwenye nguzo ya mlango wa dereva, shika lami ya Nzega, rudisha tripu, kile kihesabio kidogo cha safari moja, ibaki sifuri, ulinganishe na GPS ya simu kwa kilomita 20, kwenda na kurudi. Kwenye mchanga usipime, maana magurudumu yanateleza na gari halisogei. Wala usihukumu odometa kwa mshale wa spidi. Viwanda vingi huuacha usome juu kidogo makusudi.

Magari ya kebo, yaani yale ambayo waya unaozunguka kutoka giaboksi ndio unaoendesha odometa, yana gia ndogo ya plastiki kwenye giaboksi. Zidisha meno yake kwa kipenyo cha zamani, ugawe kwa kipya. Gia ya meno 29 inatoa 27.5, basi funga ya 28. Upungufu unashuka kutoka kilomita 5 na ushee hadi chini ya 2 kwa kila 100. Ikiwa mshale unafanya kazi lakini namba zimeganda, tatizo limo ndani ya dashibodi. Imulike gia nyembamba inayozungusha namba za odometa: mara nyingi utauona ufa kama unywele kwenye shina la jino, gia inazunguka bure juu ya ekseli yake. Gundi haiishiki, ibadilishwe. Kubonyeza tripu gari likiwa mwendoni ndiko kunaiua mapema.

Kuandika upya kilomita kwa kompyuta ni halali kwa kazi moja tu: dashibodi ya mtumba imefungwa, kilomita za gari zihamishiwe humo. Andikeni tarehe na namba za dashibodi zote mbili kwenye daftari la matengenezo, fundi na mwenye gari watie saini. Anayetaka 180,000 igeuzwe 80,000 ili auze, akataliwe. Atakayeumia ni mnunuzi wa Urambo: mkanda utakatika porini, na kwa injini nyingi valvu zitagonga pistoni.

Gari la Japani lina kilomita kwenye cheti cha kusafirishia. Dashibodi ikisoma chini ya hapo, usilipe hata shilingi.