Nani Alizipanga Irabu?

Simama dakika tano kwenye kibanda cha samaki pale Kibuye, Kisumu. Mama anataja bei: "silingi mia tatu." Dholuo, lugha ya Wajaluo, haina sh, naye hajaona haja ya kuikopa. Mjukuu anayemsaidia kufunga omena humwambia mteja "shilingi", kisha akimgeukia dani yake, yaani nyanya yake, anasema "siling". Hakuna aliyemfunza abadilishe wapi. Anasoma nyuso za watu tu.

Naanzia sokoni kwa sababu mjadala wa sauti za lugha zinatoka wapi umezoea kuanzia kichwani. Wanaisimu Noam Chomsky na Morris Halle, mwaka 1968, walishikilia kwamba sifa za sauti ni akiba ya ubongo wa binadamu, na kila lugha huchota humo. Si hoja ya kupuuzwa. Inaeleza kwa nini lugha zisizojuana hufanana.

Na zinafanana kweli. Mwanaisimu Ian Maddieson alipohesabu irabu za lugha zaidi ya 560, lugha 188 zilikuwa na tano, Kiswahili kikiwa na hizo tano pia. Zilizofuata, zenye sita, zilikuwa 100 tu. Zenye tano ni theluthi nzima! Mbona tano? Rahisi kujibu kwamba tumezaliwa nazo. Lakini Mholanzi Bart de Boer, miaka ya 1990, aliunda ndani ya kompyuta wasemaji wa kubuni wenye kinywa na sikio, bila irabu hata moja. Mmoja anatoa sauti, mwenzake anaiga, wasipoelewana, wanarekebisha. Hapakuwa na mkuu wala orodha. Baada ya kuigana mara maelfu, kundi zima likawa na irabu zilezile, zimeachana vizuri, tena zinafanana na za watu. Ni kama mama mboga wa kando ya barabara: hakuna aliyepima, ila hakuna anayemkalia mwenzake.

Kuna swali linalonikera, nakiri. Kama tano hujileta zenyewe, mbona Kibukusu, lugha ya Kibantu, kina tano na Dholuo, jirani yake, tisa? Sikiliza vizuri, hizo tisa hazikutapakaa ovyo. Nne zina pacha, tofauti ikiwa shina la ulimi kusogea mbele au kurudi nyuma, na kwa kawaida neno moja hushika kundi moja. Herufi tano tunazoandikia zinayaficha haya. Huo nao ni mpangilio, ila umetulia kwingine. Abasuba wa Rusinga na Mfangano, ambao mababu zao walisema lugha ya Kibantu, waliingia Dholuo kwa kuoana na kuishi pamoja. Chomsky hangeshtuka, maana mtoto yeyote hujifunza lugha yoyote. Lakini akiba ya ubongoni haiwezi kukwambia ni mfumo upi utakaoshinda kisiwani.

Udhaifu wa de Boer uko kwingine: wasemaji wake waliigana sauti tupu. Hawakuwa na bei ya kupunguza wala dani wa kuheshimu. Ningependa mtu awape omena wauze, tuone irabu zitakaa wapi.