Inamisha Kichwa, Nikueleze Habari za Manchester

Karibu, kaa hapo. Kiti kimelegea mguu mmoja, usiegemee sana. Kipara au unapunguza tu? Haya, inamisha kichwa. Ningekuuliza wewe ni wa timu gani, lakini bora nisijue. Mwezi jana nilimuuliza mteja, akaniambia Liverpool, mkono ukatetemeka. Alikuja kupunguza, ikabidi tumalizie kipara.

Mimi ni wa Man U. Pole yako iweke, nilizopewa zinatosha mpaka mwaka kesho. Leo nakueleza habari ya hasara. Hii timu inanifilisi, bwana!

Kuna yule kijana Mwingereza, bila shaka umemwona kwenye simu. Aliapa Oktoba 2024 kwamba hakati nywele mpaka United ishinde mechi tano mfululizo. Mwaka ukapita, kichwa kikawa kama mnazi uliopigwa na kusi. Kwake yeye ni mchezo, anatazamwa dunia nzima. Lakini sisi watu wa Majengo kwa kuiga, walahi, hatujambo. Muuza viazi karai wa pale kona akaapa. Wa mkokoteni wa maji akaapa. Ndugu wawili wa kuziba pancha wakaapa siku moja, na wale mama yao hajui hata mpira ni wa duara. Vichwa vinne hivyo, kila kimoja shilingi mia, kila wiki mbili. Kocha anakosea kupanga mabeki huko Manchester, mimi hapa Mombasa nakosa ya sukari.

Na ni tano tu! Hawakuomba kumi. Enzi za kocha Ferguson mtu angeapa hivyo Septemba, Krismasi angeila na denge. Mzee yule aliondoka 2013 ameacha ubingwa wa 20, na 13 kati ya hizo kaleta yeye. Tangu hapo ni vituko. Moyes alipewa mkataba wa miaka sita, akatolewa mbio baada ya miezi kumi. Van Gaal, yule aliyejidondosha chini mbele ya mwamuzi kuonyesha Arsenal wanavyojiangusha, akachukua Kombe la FA tarehe 21 Mei 2016, siku mbili baadaye hana kazi. Kombe halijakauka mate ya mabusu! Ten Hag naye, kombe lile lile, 2024. Julai wakamwongezea mkataba, Oktoba wakamfukuza. Mwenye nyumba hii nilimopanga ni mtu mgumu, kodi anaidai alfajiri, lakini hata yeye hajawahi kunipa mkataba na notisi kwa mkupuo.

Geuka huku. Mourinho ndiye aliyetuambia ukweli tukamcheka. Alisema kumaliza wa pili na timu ile ni miongoni mwa mafanikio yake makubwa. Tulicheka hapa mpaka mteja mmoja akakatwa sikio kidogo. Msimu wa 2024/25 tumemaliza wa 15. Nikimwona Mourinho leo nitamnyoa bure.

Halafu huyu Amorim, tuliyekuwa naye mpaka Januari 2026. Alikuwa na mfumo wake wa mabeki watatu, na Septemba 2025 alisema hata Papa hawezi kumfanya aubadilishe. Namjua mtu wa namna hiyo. Marehemu mjomba wangu alikuwa na duka la nazi. Nazi zikapanda bei, zikashuka, zikapanda tena, yeye bei yake ni ile ile, mpaka duka likawa la mwingine na yeye akawa anatumwa kununua nazi pale pale.

Ulitazama ile ya Grimsby? Bora. Mimi nilitazama. Agosti 2025, Jumatano, timu ya daraja la nne. Mechi imeanza saa nne usiku wetu, nikamwambia mama watoto narudi sasa hivi, Grimsby ni kama mazoezi. Mbili bila tumefungwa kabla ya mapumziko! Amorim kakaa kwenye benchi na kiubao chake cha sumaku, anasogeza kete kama mtu wa drafti pale barazani, tena drafti anayoshindwa. Tukasawazisha, zikaja penalti. Penalti hizo hazikuisha, bwana. Zilipigwa mpaka makipa nao wakapiga. Kumi na mbili kwa kumi na moja, tumetoka. Nimefika nyumbani saa sita na ushei, komeo limewekwa. Nililala hapo kwenye kiti ulichokalia wewe, ndiyo asili ya huo mguu.

Halafu Oktoba, unajua, Mungu si Athumani. Tukampiga Sunderland. Tukaenda Anfield, kwao Liverpool, ambako tulikuwa hatujashinda tangu Januari 2016, na bao la ushindi akafunga nani? Maguire! Yule aliyenunuliwa pauni milioni 80, akachekwa mpaka bungeni Ghana, mbunge mzima akasimama akamfananisha na Makamu wa Rais wao. Huyo huyo, kwa kichwa. Nilimrukia muuza viazi, nikamshika zile nywele zake kwa mapenzi kama mchinjaji na ng'ombe. Wiki iliyofuata tukampiga Brighton nne kwa mbili. Tatu hizo! Mashine nikaipaka mafuta, nikabadilisha wembe, nikanunua spiriti chupa kubwa kwa mkopo. Nilishapiga hesabu: vichwa vinne vya mwaka mzima, na kwa wingi ule nisingetoza mia, ningetoza kwa kilo.

Ya nne ilikuwa Nottingham Forest, Jumamosi ya kwanza ya Novemba. Na hapo ndipo ugomvi wangu na Waingereza ulipokuwa wa saa. Wale watu husogeza saa zao! Machi wanapeleka mbele, mwisho wa Oktoba wanarudisha nyuma. Jua letu hapa limetulia, linatua saa kumi na mbili na ushei mwaka nenda mwaka rudi, lakini mechi iliyokuwa saa kumi na moja wiki jana, wiki hii ni saa kumi na mbili kamili. Refa anapuliza kipenga, na mwadhini naye huyo. Imamu wetu anajua. Siku hiyo alichagua sura ndefu, na naapa alikuwa ananitazama mimi.

Narudi, bado sufuri kwa sufuri. Casemiro kapiga kichwa, bao. Nikasema dua imepokelewa. Baada ya mapumziko, ndani ya dakika mbili hivi, Forest wameingiza mawili. Mawili! Ukiinama kuokota kitana hukuona. Mwishoni Amad akasawazisha kwa shuti la hewani, shuti zuri kabisa, na ukumbi wote ukalipuka, watu wanakumbatiana, muuza viazi anacheza na nywele zinacheza. Wanashangilia sare! Mimi peke yangu nimekaa. Sare hainyoi mtu. Hesabu inaanza upya, moja.

Na unajua kinachoniuma zaidi? Mechi ile Mwingereza kwao hakuitazama kwenye runinga. Wallahi tena. Za Jumamosi saa tisa alasiri yao hazionyeshwi Uingereza, ni mwiko wa tangu miaka ya 1960, ati watu waende viwanjani kuzitazama timu ndogo. Mtu anakaa hatua mia kutoka uwanjani, kafungiwa, anakunywa chai yake kwa amani. Mimi niko Majengo naletewa dakika zote 90, za marudio, za mwendo wa polepole, na za pembeni. Wenyewe wamejikinga, sumu wanatuuzia sisi! Na tunailipia. Dikoda yangu ukilipa kifurushi cha chini, mechi iko cha kati. Ukipanda cha kati, imehamia cha juu. Ukipiga simu unapigiwa muziki.

Usinitajie wachambuzi. Gary Neville anakaa pale na suti anamfundisha kila kocha kazi. Yeye Valencia ya Hispania walimpa timu Desemba 2015, Machi walishamwonyesha mlango, katikati hapo Barcelona wamempiga saba. Mimi angalau nikimharibia mtu kichwa siendi kwenye runinga kueleza wengine kunyoa. Roy Keane yeye namwelewa, ana hasira tu kama...

Eh! Stima hizo. Tulia, usiinuke. Hupotea hivi, dakika kumi, wakati mwingine mpaka magharibi. Upande wa kushoto umekwisha, wa kulia ndio bado. Hapana, na kitambaa changu hutoki nacho. Na ukitoka bila kitambaa, kwa kichwa hicho, wale wa pancha watakupokea kwa nderemo, watadhani nawe uliapa ila imani ikakuishia katikati. Kaa. Sasa huyo Keane...