Ofisi haina kuta, mimi nimehamia stoo

Jamani mimi naandika programu, hiyo ndo kazi yangu, na kazi yenyewe ni kama kubeba treya kumi za mayai kichwani, ukiguswa bega tu tayari chipsi mayai. Sasa nani aliamua tukae ukumbi mmoja na watu wa mauzo? Bosi alikuja na mchoro, akasema kuta zinaua ushirikiano, wiki ya pili kuta zote chini, tukapangwa kwenye meza moja ndefu kama kamati ya harusi. Kulia kwangu jamaa wa mauzo anaongea na simu utadhani mpiga debe wa daladala za Mbagala, akiuza kitu anagonga kengele, kengele kabisa ya shule ya msingi, na mbele yangu mhasibu anakula dagaa wa kukaanga saa nne asubuhi. Sina shida na dagaa. Shida hanikaribishi.

AC nayo iko 16, dada wa mapokezi kajifunga kitenge juu ya sweta, huku wa dirishani wanalia joto maana jengo lote vioo, jua la Dar la saa tisa linapiga skrini mpaka unaona sura yako tu. Na sura yenyewe imechoka.

Basi kila mtu kanunua hedifoni. Watu 18, hakuna anayeongea na mwenzie. Bosi yuko hatua tano kutoka nilipo, namwona anavyojikuna sikio, lakini ananitumia meseji "uko?" Bosi si unaniona! Nikadhani tumerogwa, kumbe 2018 watafiti wa Harvard walitoa utafiti wa kampuni mbili zilizobomoa kuta hivi hivi, kuongea uso kwa uso kukashuka karibu asilimia 70, imeili na meseji ndo zikapanda. Nikamtumia bosi. Akaniwekea dole gumba.

Wiki iliyopita nina bagi, yaani kosa ndani ya programu, limenitesa siku tatu, mteja anakatwa hela mara mbili, nikabeba laptopu nikaingia stoo ya usafi, nikakalia ndoo katikati ya mopu na katoni za toileti pepa. Dakika 40 nimelipata! Mara mama wa usafi huyo. "Shikamoo mama." "Marahaba mwanangu, hebu inua miguu nipige deki." Usumbufu ndo huo tu, na bado aliniomba radhi.

Kosa langu nilimwambia mtu mmoja. Jana nafungua stoo nakuta wenzangu wanne, mmoja kakalia ndoo yangu, mwingine kaja mpaka na ekstensheni. Tukabanana hivyohivyo, kimya, kazi inaenda raha, mara mlango ukafunguka. Bosi. Akatuangalia, akatabasamu, akasema kumbe ushirikiano wenyewe uko huku, Jumatatu fundi anakuja kuvunja huu ukuta.