Madame Bovary kwa Sauti za Watu wa Kawaida

Vikitajwa vitabu vya sauti vya bure, kama vya LibriVox, mradi wa watu wanaojitolea kusoma vitabu, lawama haikosi: sura hii kasoma huyu, inayofuata kasoma yule, mmoja ana lafudhi ya Paris na mwingine ya Québec, na ukishaanza kumzoea msomaji anakuachia mwingine. Mimi siioni kuwa dosari. Kwa riwaya ya Kifaransa kama Madame Bovary ya Gustave Flaubert, naona hivyo ndivyo inavyostahili kusikika.

Flaubert aliianza mwaka 1851 nyumbani kwake Croisset, kando ya mto Seine karibu na Rouen, akaimaliza 1856. Karibu miaka mitano kwa kitabu kimoja, na sababu mojawapo ni sikio lake. Sentensi zake alizisoma kwa kupaza sauti, tena kwa kelele hasa, na iliyomkwama kooni aliivunja akaiandika upya. Kitabu kilichoandikwa hivyo, kukiacha kilale kimya kwenye karatasi ni kukidhulumu.

Chukua sura ya nane ya sehemu ya pili, ile ya maonyesho ya kilimo pale Yonville, mji mdogo wa kubuni. Chini uwanjani wakubwa wanahutubia na kutangaza zawadi. Juu, ghorofani, Rodolphe, bwana mwenye mashamba, anamtongoza Emma Bovary, mke wa daktari. Flaubert anazisuka sauti hizo mbili pamoja, kauli kwa kauli. Rodolphe anaapa kwamba mara mia alitaka kuondoka, akashindwa, akabaki. Papo hapo kutoka chini inatangazwa zawadi ya samadi. Ukiisoma kimyakimya utacheka. Lakini msomaji anapobembeleza, kisha ghafla akapaza sauti ya mtangazaji, kicheko kinakatika na unamwonea huruma Emma, maana haisikii ile samadi.

Muda si mrefu anaitwa Catherine Leroux, mtumishi mzee, apokee nishani ya fedha yenye thamani ya faranga 25 kwa kutumika miaka 54 katika shamba lilelile. Hapo mimi sihitaji mwigizaji. Namtaka mtu aliyetoka kazini, akafunga dirisha, akasoma jina la bibi huyo taratibu kama anayemheshimu.

Watu wa namna hiyo ndio wanaoibeba LibriVox, mradi ulioanzishwa na Hugh McGuire huko Montréal mwaka 2005. Hakuna anayekupima kipaji. Unatuma jaribio la dakika moja hivi ili ijulikane kama rekodi yako ina mvumo au kelele, basi. Kisha unachagua sura, unarekodi, unatuma. Mwenzako anaisikiliza yote, akiandika dakika na sekunde uliporudia mstari au mlango ulipogongwa, nawe unarekebisha. Msikilizaji huyo wa kukagua hasikiki popote kwenye kitabu, na kwangu ndiye anayestahili shukrani kubwa kuliko wote. Faili zikikamilika zinawekwa Internet Archive, maktaba ya mtandaoni, na yeyote anazipakua bila kulipa. Flaubert alifariki mwaka 1880, kwa hiyo hakimiliki yake ilikwisha zamani. Wasomaji nao wanaiachia ya kwao, wala hawalipwi.

Kuna wanaosema sasa mashine zinasoma vizuri, watu wa nini tena? Mashine inaweza kunisomea mwongozo wa jokofu. Kwa riwaya hii nataka mtu anayejua aibu ni nini, anayevuta pumzi kabla ya kumsoma Emma akizungushwa na madeni ya Lheureux, mfanyabiashara aliyemkopesha vitambaa hadi akamfilisi. LibriVox inapokea sauti za binadamu tu, na naomba isibadili msimamo huo.

Ombi langu ni kwa ndugu zetu wa Lubumbashi, Bukavu na Goma, ambako Kifaransa ni lugha ya darasani na Kiswahili ni lugha ya sokoni. Lafudhi yenu katika Kifaransa si kosa la kusahihishwa. Studio haihitajiki: kipaza sauti cha kuchomeka kwenye kompyuta, programu ya bure ya kurekodi kama Audacity, na chumba chenye mapazia mazito na godoro la kuzuia mwangwi. Mkianza na ile sura ya maonyesho, ni ndefu, basi mrekodi usiku magari yakipungua.