Mti wa ncha 32: je, dendrima zinastahili gharama yake?

Mwaka 2011 yalichapishwa matokeo ya jaribio dogo la jeli ya ukeni lililofanyika Kisumu na San Francisco, kwa wanawake wa miaka 18 hadi 24. Jeli ilitoka Australia. Nia ilikuwa kumpa mwanamke kinga ya VVU asiyolazimika kuiombea ruhusa kwa mwanamume. Jaribio lenyewe lilipima usalama tu, na madhara yaliyojitokeza yalikuwa madogo.

Dawa iliyomo, SPL7013, ni dendrima: molekuli inayokua kama mti, tawi likizaa mawili, mawili yakizaa manne. Imejengwa kwa laisini, asidi amino iliyojaa kwenye maharage, na inaishia kwenye ncha 32. Kila ncha imevishwa pete za naftalini (ndiyo, ile ya vidonge vya kufukuzia nondo kabatini) zenye salfoneti mbili (vikundi vya salfa, kila kimoja kikiwa na chaji hasi moja), hivyo molekuli nzima ina chaji hasi 64. Protini iliyo kwenye gamba la VVU ina sehemu zenye chaji chanya. Mkono mmoja, yaani ncha moja, ungeteleza, lakini mikono ikiwa mingi, mmoja ukiachia mingine bado imeshika. Dendrima inafanya kazi kwenye uso wake, pale inapogusana na kitu kingine: ute, seli, metali, maji.

Wanaozipenda husifu usahihi wake. Dendrima za PAMAM (poliamidoamini), ambazo Donald Tomalia na wenzake wa kampuni ya Dow walizitangaza mwaka 1985, huongezeka ncha kwa hesabu kila kizazi, yaani kila duru ya kuongeza matawi, kuanzia kizazi cha sifuri: 4, 8, 16, 32, 64. Kizazi cha nne kina ncha 64 na kipenyo cha nanomita 4.5 hivi. Polima ya kawaida, yaani minyororo ya molekuli ndogo zilizoungana, ni mzigo wa kuni, kila kipande na urefu wake. Kwa dendrima mkaguzi wa dawa anajua hasa kilichomo chupani.

Hiyo ni karatasini. Maabarani kila kizazi kinataka hatua mbili, kemikali nyingi kupita mahitaji ili molekuli zisiunganike zenyewe kwa zenyewe, kisha kuyaondoa mabaki yote. Hata hivyo matawi mengine hudumaa. Na mkono unaomshika adui unaweza kumshika mwenyeji pia. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Michigan walitandaza utando wa mafuta kama ule wa seli juu ya bamba la madini ya maika, wakaumwagia PAMAM za kizazi cha saba zenye ncha za amino, ambazo hubeba chaji chanya. Chini ya hadubini ya nguvu za atomu, utando uliokuwa shwari ulitoboka matundu ya nanomita 15 hadi 40. Kizazi cha tano, ncha zake zikiwa zimefunikwa kwa asetili, kikundi kisicho na chaji, hakikutoboa kitu.

Ila hoja inayonisumbua zaidi haitoki Michigan, inatoka Mwanza. Huko, pamoja na Uganda, Zambia na Afrika Kusini, ilijaribiwa jeli ya PRO 2000 kwa wanawake zaidi ya 9,000. Nayo ni polima ya naftalini yenye salfoneti, lakini mnyororo holela, ndugu wa kemikali zinazochanganywa kwenye zege ili ilainike. Desemba 2009 jibu likatoka: haikingi. Mtetezi wa dendrima atasema lililoshindwa ni umbo, si wazo. Mimi siamini haraka hivyo. Chupa ya maabara haina shahawa, na protini za shahawa hupunguza nguvu ya molekuli za aina hii. Ukipanga ncha 32 kwa unadhifu, shahawa bado ipo palepale.

SPL7013 haikuwahi kuuzwa kama jeli ya kukinga VVU. Iligeukia mvurugiko wa bakteria ukeni, ikaruhusiwa Australia na Ulaya. Marekani waliirudisha mwaka 2018 wakitaka ushahidi zaidi. Ni soko dogo kuliko ndoto ya Kisumu, lakini ni la kweli.

Usahihi naulipia pale kiasi kinapokuwa kidogo. Kipimo cha Stratus CS cha kutambua shambulio la moyo kilitumia dendrima kubebea kingamwili. Kwa tone la damu, bei ya molekuli haihisiki. Lakini hata juu ya metali kuna kejeli yake: PAMAM ya kizazi cha nne ikitua kwenye dhahabu hubonyea, kama donge la udongo lililorushwa ukutani, na lile duara tulilolitolea jasho halipo tena.

Kwa maji machafu sina shaka hata kidogo: dendrima hazistahili gharama yake. PAMAM hushika shaba vizuri, na ukiongeza asidi huiachia ili itumike tena. Lakini polietilenimini, polima yenye matawi ovyo, inayopikwa mara moja kwa tani, nayo hushika, nayo huachia.