Nilipeleka Samaki Kigoma

Kondakta aliinama kulitazama boksi nililopakata, akauliza kuna nini. Nikamwambia samaki.

"Wanakwenda wapi?"

"Kigoma."

Akageuka kuwaangalia abiria wengine, kama mtu anayetafuta mashahidi. Barabara ile watu huipita na dagaa na madumu ya mawese kuelekea Dar es Salaam. Aliyegeuza mzigo ni mimi peke yangu. Tulipofika Dodoma basi zima lilikuwa linaniita Mzee wa Samaki, na mama mmoja wa siti ya nyuma aliniombea dua.

Walikuwa diskasi wanne, kila mmoja kwenye mfuko wake wa plastiki uliojazwa oksijeni. Kama hujawaona, ni samaki bapa, wa mviringo, kama chapati iliyosimamishwa wima, wenye michirizi ya buluu juu ya rangi ya chungwa. Kwao ni bonde la mto Amazon, Amerika ya Kusini. Wakitotoa, makinda hula ute unaotoka kwenye ngozi ya baba na mama. Hilo ndilo lililonimaliza. Nikajiona nimekaa sebuleni na kahawa yangu, natazama samaki dume ananyonyesha.

Muuzaji alinipa masharti: maji laini, yaani yasiyo na madini mengi, joto nyuzi 28 hadi 30, na pH, kipimo cha asidi na alkali kwenye maji, isizidi 7. Nikaitikia huku nacheka moyoni. Mtu wa Dar anamfundisha mtu wa Kigoma maji ya samaki! Mimi niliyekulia kando ya Ziwa Tanganyika, la pili duniani kwa kina, mita 1,470 kwenda chini, ziwa ambalo samaki wake Wazungu huwanunua kwa fedha nzuri wakawatazame kwenye vioo huko kwao. Maji gani tena samaki ayatake?

Nikakodi bajaji, madumu 12 ya lita ishirini ishirini, maji safi kutoka ziwani. Tangi likajaa. Nikapanga na mawe na makombe ya konokono chini, kwa urembo. Majirani wakaja kuona. Mmoja aliuliza kama ziwa limehamishwa.

Siku ya pili samaki wakawa weusi.

Si weusi wa kuuliza-uliza, weusi wa sufuria ya kuni. Wamebana mapezi, wote wanne wamejikunyata kona moja, nyuso ukutani, kama watoto waliovunja glasi. Nikamwita mzee mmoja mvuvi wa Kibirizi, mtu aliyevua migebuka tangu kabla sijazaliwa. Akawatazama kwa muda mrefu, mikono nyuma.

"Mwanangu, hawa wana njaa."

Mzee akisema, nani abishe? Nikasaga dagaa wakawa unga, nikanyunyiza asubuhi, mchana na jioni. Hawakula hata chembe. Siku ya tatu maji yakawa ya rangi ya mchuzi, na sebule ikanuka kama mwalo wa dagaa. Mke wangu akafungua madirisha yote bila kusema neno, na mke wangu asiposema neno ujue anahesabu. Siku ya nne wawili wakafa.

Aliyeniokoa ni jirani, mwalimu wa kemia. Alikuja na vijikaratasi vya kupimia, akachovya kimoja, kikageuka rangi ya buluu.

"Kaka, pH hii inakaribia 9. Samaki wako wamezoea 6. Hizi namba ukipanda moja ni mara kumi. Kutoka 6 hadi 9 ni mara 1,000."

"Lakini ni maji ya ziwa!"

"Samaki wa ziwa ndio wameyazoea. Hawa umewaloweka kwenye magadi."

"Magadi?" mke wangu akadakia kutoka jikoni. "Basi mbona hawajaiva?"

Mwalimu akaendelea. Chakula kinachooza hutoa amonia, na kwenye maji ya alkali amonia ndipo inapokuwa sumu kali zaidi. Yaani ziwa lilikuwa limewashika, dagaa wangu wakawapiga. Yale makombe nayo niyatoe, yanazidisha ugumu wa maji. Dawa ni maji ya mvua, lakini nisibadilishe yote kwa mpigo, watapata mshtuko. Ndoo moja kwa siku.

Sasa ilikuwa mwezi wa saba. Kigoma mwezi wa saba hata wingu la kusingizia hakuna. Maji pekee ya mvua mtaani kwetu yalikuwa pipani, nyuma ya nyumba, na pipa lile ni la mke wangu. Hufulia sare nyeupe za shule, kwa sababu maji ya mvua, anasema, hayali sabuni. Alikuwa amenieleza hivyo miaka tisa. Mimi nilimwona anadeka.

Usiku wa kwanza niliiba ndoo moja. Wa pili, ndoo moja. Samaki mmoja akaanza kurudisha michirizi. Usiku wa nne, saa nane, nimevaa kaptula, nimeinama pipani hadi kiunoni, nikamulikwa tochi.

"Una mwanamke mwingine anayeoga maji yangu?"

"Hapana, mama. Ni samaki."

Kimya. Nilijaribu kueleza habari ya Amazon. Kwa kweli, ningesema ni mwanamke pengine angeelewa haraka zaidi.

Asubuhi pipa lilikuwa na kufuli. Tukakubaliana: ndoo mbili kwa wiki, na kila ndoo nailipia kwa kufua sare, kwa maji ya ziwa. Nilimaliza mche mzima wa sabuni kutafuta povu. Lakini wale wawili walirudi kwenye rangi zao na wakaanza kula.

Mwezi wa kumi wingu la kwanza lilipotanda, nilipanda juu na fagio kusafisha bati. Mzee wa Kibirizi akapita chini.

"Mwanangu, bati linavuja?"

"Hapana, mzee. Nakinga maji ya samaki."

Akaligeukia ziwa, akalitazama lote, kuanzia Katonga hadi milima ya Kongo. Akanitazama mimi na fagio langu. Akavua kofia, akaivaa tena, akaenda zake.